Umbali ni kodi ya pili: mpangaji wa mji na mpangaji wa nyumba

Miaka ya mwanzo ya karne hii, Mexico ilijenga nyumba za gharama nafuu kwa kasi ambayo serikali nyingi zingeitamani. Mfuko wa taifa wa nyumba za wafanyakazi ulitoa mikopo, kampuni za ujenzi zikanunua mashamba nje ya miji ambako ardhi ni rahisi, na mitaa mizima ya nyumba zinazofanana kama mapacha ikasimama. Familia ambazo hazikuwahi kumiliki hata mlango zilikabidhiwa ufunguo. Kisha ikaja sensa ya mwaka 2010. Nchi nzima zilihesabiwa nyumba takribani milioni 5 zisizo na mtu, karibu nyumba moja kati ya kila saba.

Si zote zilikuwa kwenye mitaa hiyo mipya, na uhalifu pamoja na watu kuhama kutafuta maisha navyo vilichangia. Lakini mitaa mingi ya pembezoni ilihamwa kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote: ilikuwa mbali. Kazi mbali, shule mbali, hospitali mbali, na nauli ya kila siku ikawa inakula kile kile ambacho nyumba ilikuwa imeokoa. Wapo waliofunga mlango, wakaacha deni linadai, wakarudi kupanga chumba mjini.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha fundo ambalo nyaraka za mipango miji hulificha. Karibu kila mpango wa mji unaoandikwa siku hizi unaahidi mambo matatu: makazi nafuu, makazi yanayofikika na kila mtu, na makazi endelevu. Yanaandikwa kama safu tatu, kila moja na bajeti yake, idara yake na wataalamu wake. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa linapoanza. Mambo hayo matatu ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande tatu, na jambo lenyewe ni nani anaishi karibu na nini. Ukifukuzia moja peke yake, mara nyingi unaumiza mawili yaliyobaki.

Kiswahili kina neno moja, mpangaji, kwa watu wawili ambao kwa kawaida hawaketi meza moja: anayepanga mji na anayepanga chumba. Wa kwanza huchora mistari. Wa pili hulipa gharama ya kila mstari uliochorwa, mwezi hadi mwezi, pasipo kuambiwa kwamba bili ile ilianzia kwenye ramani.

Hesabu isiyofika kwenye mkataba

Kipimo kilichozoeleka cha unafuu ni kwamba kodi ya nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Ni kipimo chepesi kukitumia, na kinapotosha. Chukua kaya mbili zenye kipato kilekile, tuseme 100 kwa mwezi. Ya kwanza inaishi karibu na mji: inalipa kodi 35 na nauli 5. Ya pili inaishi pembezoni: kodi 20, nauli 25. Kwa kipimo cha asilimia 30, kaya ya kwanza imeelemewa na ya pili inaishi kwa nafuu. Ukijumlisha, ya kwanza imetumia 40 na ya pili 45, na bado hujahesabu saa tatu ambazo kila mfanyakazi wa kaya ya pili anazimaliza njiani kila siku. Saa hizo hazirudishwi na mtu yeyote. Zimekatwa kwenye usingizi, kwenye kazi ya ziada, kwenye muda wa kukaa na watoto.

Huko Chicago, taasisi iitwayo Center for Neighborhood Technology ilitengeneza kipimo kinachojumlisha nyumba na usafiri pamoja, na kuweka kikomo asilimia 45 ya kipato. Mitaa mingi iliyokuwa ikihesabika nafuu kwa kipimo cha zamani huanguka kwenye kipimo hiki. Nyumba ni zile zile. Kilichoongezwa ni umbali.

Kwa hiyo mtu akikuambia mradi fulani ni wa nyumba za bei nafuu, swali la kuuliza mapema kuliko idadi ya vyumba ni hili: kutoka mlangoni, kwa miguu, unafika wapi kwa dakika 15? Profesa Carlos Moreno wa Paris ndiye aliyelipa wazo hili jina la mji wa dakika 15, mwaka 2016, lakini wazo lenyewe ni la kale. Mji wowote uliojengwa kabla ya gari ulikuwa mji wa dakika 15, kwa kuwa watu hawakuwa na namna nyingine.

Kwa nini karibu ni ghali

Saruji unaweza kuiongeza, na matofali unaweza kuyachoma mengine. Ardhi iliyo karibu na kazi, soko na shule haiongezeki. Thamani yake pia si zao la mwenye kiwanja. Imeletwa na barabara iliyojengwa kwa kodi ya wananchi, na reli, na shule, na maelfu ya watu waliohamia jirani. Mwenye kiwanja kitupu katikati ya mji anaweza kulala usingizi mnono huku kiwanja kikimpandia bei, na kila anayehitaji kuishi hapo anamlipa kwa kazi iliyofanywa na wengine.

Mpangaji wa mji hana njia nyingi za kupambana na hali hii. Anaweza kuruhusu ardhi ya karibu ikae watu wengi zaidi. Anaweza kuifanya ya mbali iwe karibu kwa usafiri wa uhakika. Au anaweza kuiondoa sehemu ya ardhi kwenye mnada wa bei kabisa. Mji unaofanya vizuri hufanya yote kwa pamoja, na kila moja ina mtego wake.

Nianze na ile inayoogopwa zaidi, yaani kujenga kwa kubana. Watu wengi wakisikia hivyo huona msongamano. Ni vitu viwili tofauti. Msongamano ni watu sita kwenye chumba kimoja. Kujenga kwa kubana ni nyumba nyingi kwenye eneo dogo, kila moja ikiwa na vyumba vinavyowatosha wenyewe. Wala si lazima kupanda hadi mawinguni. Eneo la Eixample mjini Barcelona, lililopangwa na mhandisi Ildefons Cerdà mwaka 1859, lina vitalu vya mraba vya takribani mita 113 kila upande, barabara za mita 20, na pembe za majengo zimekatwa ili makutano yawe mapana. Majengo mengi pale ni ya ghorofa sita hadi nane, na bado ni miongoni mwa maeneo ya Ulaya yenye wakazi wengi zaidi kwa kilomita ya mraba. Cerdà mwenyewe alitaka katikati ya kila kitalu kuwe na bustani. Wenye viwanja walizijenga karibu zote, na miaka ya karibuni jiji limejaribu kurudisha nafasi ile kwa kufunga baadhi ya barabara zisipitwe na magari yasiyo na shughuli hapo.

Faida ya kubana inaonekana vizuri zaidi chini ya ardhi. Fikiria barabara ya mita 100 yenye viwanja pande zote mbili. Kila kiwanja kikiwa na upana wa mita 25 mbele, zinaingia nyumba nane. Kikiwa na mita 10, zinaingia nyumba 20. Weka majengo ya ghorofa nne juu ya viwanja hivyo vya mita 10, familia moja kila ghorofa, na sasa ni kaya 80. Bomba la maji lina urefu ule ule wa mita 100, kipenyo tu kimeongezeka. Mtaro ni ule ule, lami ni ile ile, taa za barabarani ni zile zile. Gharama iliyogawanywa kwa wanane sasa inagawanywa kwa 80. Mji uliotawanyika hauwezi kumaliza kupeleka maji kwa watu wake, hata ukiwa na viongozi wema, kwa sababu kila kaya inadai mita nyingi mno za bomba. Basi nalo hufuata hesabu hiyo hiyo: kama abiria hawatoshi ndani ya mwendo wa dakika 10 kutoka kituoni, linakuja mara moja kwa saa, na basi linalokuja mara moja kwa saa halimsaidii mtu anayetakiwa kazini saa moja kamili.

Sheria zinazokataza unafuu

Jambo linalonisikitisha ni kwamba katika miji mingi nyumba nafuu karibu na mji zimepigwa marufuku kisheria, ingawa neno marufuku halitumiki. Kanuni za ujenzi hudai kiwanja kisipungue ukubwa fulani. Hudai nyumba iwe ya familia moja tu. Hukataza duka kwenye mtaa wa makazi. Kila sharti lina sababu yake nzuri kwenye karatasi, na yakijumlishwa yanatoa mtaa ambao maskini hawezi kuingia na ambao hata mwenye nacho hawezi kuishi bila gari.

Mizizi ya jambo hili inajulikana. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid jimboni Ohio, ilihalalisha mamlaka ya mji kugawa ardhi kwa matumizi, ikiwa ni pamoja na kutenga majengo ya fleti mbali na nyumba za familia moja. Kutenga kiwanda cha ngozi na nyumba za watu kuna mantiki. Kutenga nyumba za wapangaji na nyumba za wenye nyumba ni kutenga watu, na mtindo huo ulienea katika miji mingi.

Japani ilichukua njia nyingine. Kanuni za matumizi ya ardhi zimewekwa na taifa, na zinapanga maeneo kwa kiwango cha kero. Kinachoruhusiwa kwenye eneo tulivu huruhusiwa pia kwenye maeneo mengi yenye shughuli zaidi. Hata katika daraja tulivu kuliko yote la makazi, mtu anaruhusiwa kuwa na duka dogo ndani ya nyumba yake, lisizidi mita za mraba 50. Mita 50 tu, lakini zinatosha kuondoa safari ya gari kwa ajili ya mkate na sabuni. Auckland, New Zealand, nayo mwaka 2016 ilibadilisha mpango wake na kuruhusu nyumba zaidi kwenye takribani robo tatu ya ardhi ya makazi, na vibali vya ujenzi vikapanda sana, hasa vya nyumba zilizoungana na fleti.

Kisha kuna maegesho. Hili linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu limejificha mahali ambapo hakuna anayeangalia. Nafasi ya kuegesha gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12 na nusu. Ongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, inafika 25 hadi 30. Kanuni ikidai kila fleti iwe na maegesho mawili, imedai mita za mraba 50 hadi 60. Hiyo ni fleti nzima ya vyumba viwili vya kulala. Mji umeamuru kila mtu anayejengewa nyumba ajengewe na gari nyumba ya ukubwa ule ule, na gharama imeingizwa kwenye kodi ya kila mpangaji, hata asiyewahi kushika usukani. Mchumi Donald Shoup aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha jambo hili. Buffalo, jimboni New York, ilifuta sharti la maegesho mwaka 2017. Mwaka huo huo jiji la Mexico liligeuza kanuni yake: badala ya kiwango cha chini, likaweka kiwango cha juu.

Ardhi isiyopigwa mnada

Hata hivyo, kulegeza kanuni pekee hakumfikii aliye chini kabisa. Kampuni ya ujenzi itajenga pale penye faida, na mtu ambaye mshahara wake haufikii gharama ya saruji hataifikia nyumba mpya kwa nguvu ya soko. Wanaosema soko litamaliza tatizo lote wanamwacha mtu huyo nje ya mlango, na wanaosema tusiruhusu ujenzi wowote hadi kila nyumba iwe ya maskini wanamwacha hapo hapo. Mji unahitaji kuruhusu ujenzi na pia kuwa na ardhi na nyumba zake wenyewe.

Vienna ilianza mwaka 1923 na kodi maalumu ya nyumba, ambapo majumba ya kifahari yalilipa sehemu kubwa zaidi. Kufikia mwaka 1934 jiji lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000. Jengo maarufu zaidi, Karl-Marx-Hof la mwaka 1930, lina urefu unaozidi kilomita moja, na tangu siku ya kwanza lilikuwa na sehemu za kufulia nguo, shule za watoto wadogo, zahanati na maktaba. Leo jiji linamiliki nyumba takribani 220,000, na ukijumlisha na za vyama vya nyumba visivyolenga faida kubwa, karibu nusu ya wakazi wanaishi humo. Kuna jambo dogo katika kanuni zake ambalo naona ni la busara sana: kipato kinakaguliwa mtu anapoingia, si baada ya hapo. Ukipandishwa cheo huhamishwi. Ndiyo maana kwenye ngazi moja unamkuta mwalimu, dereva na daktari, na anwani ya jengo haimtii mtu aibu.

Singapore ilianzisha bodi yake ya nyumba mwaka 1960, na sheria ya mwaka 1966 ikaipa serikali uwezo wa kuchukua ardhi kwa bei iliyodhibitiwa. Leo takribani wakazi wanne kati ya watano wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na bodi hiyo, kwa hati ya miaka 99. Nguvu ile ya kuchukua ardhi iliwaumiza waliokuwa nayo, na mikononi mwa serikali isiyowajibika ingekuwa balaa. Sipendekezi iigwe kama ilivyo.

Kuna njia ya unyenyekevu zaidi. Mjini Burlington, jimboni Vermont, mwaka 1984 ilianzishwa amana ya ardhi ya jamii. Amana inamiliki ardhi, familia inamiliki nyumba iliyo juu yake. Familia ikiuza, inapata ilicholipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani, na sehemu iliyobaki ya ongezeko inabaki kwenye nyumba ili anayefuata naye aimudu. Ruzuku iliyotolewa mara moja inaendelea kufanya kazi kwa familia ya pili, ya tatu, ya nne.

Sentimita 15

Sasa tushuke barabarani. Ukingo wa njia ya miguu una kimo cha kama sentimita 15. Kwa anayetembea vizuri hiyo ni hatua asiyoikumbuka. Kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu ni ukuta, na ukuta mmoja unatosha kufuta safari nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi wenye ulemavu mjini Berkeley, California, waliubana mji hadi ukaanza kukata kingo na kuweka miteremko. Kipimo kilichozoeleka ni moja kwa 12: kwa kila sentimita ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 unadai mteremko wa sentimita 180. Ukiujenga wa sentimita 60 ili kuokoa saruji, umejenga kitu kinachopindua kiti kwa nyuma.

Miteremko ilipowekwa, waliofuata kuitumia walikuwa mzazi mwenye kigari cha mtoto, mchukuzi mwenye mkokoteni, msafiri anayeburuta sanduku, mzee mwenye goti bovu. Hadithi hii husimuliwa sana na inastahili. Kisichosimuliwa ni kilichompata asiyeona. Kwake ule ukingo ulikuwa alama: fimbo ikigusa mshuko wa ghafla, anajua barabara imeanza. Mteremko laini ulifuta alama hiyo, na mtu angeweza kujikuta katikati ya magari bila onyo.

Jibu lilikuwa tayari limepatikana Japani. Mwaka 1965 Seiichi Miyake alibuni matofali yenye alama za kusomwa kwa nyayo na fimbo, na mwaka 1967 yakawekwa kwa mara ya kwanza barabarani mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Yakaja kuwa lugha yenye maneno mawili: mistari mirefu inasema endelea, vinundu vya duara vinasema simama, angalia. Weka vinundu mwisho wa mteremko na watu wote wawili wamehudumiwa. Lakini lugha hii inaweza kusema uongo. Njia ya mistari inayoishia kwenye nguzo ya umeme, au iliyofunikwa na bidhaa za muuzaji ambaye naye hakutengewa mahali pa kuuzia, ni mbaya kuliko kutokuwa na njia kabisa, kwa kuwa mtu ameiamini.

Taa za kuvukia ni vivyo hivyo. Barabara ya mita 14, kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde unaotumiwa na wahandisi wengi, inavukwa kwa sekunde 12 hivi. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 17 na nusu. Tofauti ni karibu sekunde sita, na ndani ya hizo anaamua kama ataendelea kwenda sokoni mwenyewe au atasubiri kutumiwa mtu.

Kufikika ni mnyororo. Basi lenye ngazi ya kushuka halina maana kama kituo hakina njia ya miguu. Curitiba, Brazil, iliyoanza njia maalumu za mabasi mwaka 1974, iliweka vituo vya mirija ya kioo mwaka 1991: nauli inalipwa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Kiti cha magurudumu kinaingia bila msaada. Kwa kuwa hakuna anayepanda ngazi wala kutafuta chenji mlangoni, basi zima linaondoka mapema. Kilichomsaidia mwenye ulemavu ndicho kilichofanya mabasi yashindane na gari, na basi linaloshindana na gari ndilo linalopunguza moshi. Hapa zile safu tatu za nyaraka zinakutana kwenye urefu wa sakafu moja.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayefika ofisini kwa gari na kurudi kwa gari ataupanga mji wa safari mbili kwa siku. Wataalamu wa Vienna walipochunguza safari za wakazi wao miaka ya 1990, waligundua kwamba wanawake wengi walikuwa na safari fupi nyingi zilizoungana: shule, kazi, duka, kumwona mgonjwa, nyumbani, nyingi kwa miguu na kwa usafiri wa umma. Mwaka 1993 jiji lilishindanisha wasanifu wanawake, na mwaka 1997 mtaa wa nyumba uitwao Frauen-Werk-Stadt ukakamilika, wenye shule ya watoto wadogo ndani ya eneo, na mahali pa kuweka vigari vya watoto kila ghorofa. Mwendo wa magari nao ni sehemu ya mnyororo huu. Oslo na Helsinki, zilizopunguza kasi katika barabara nyingi za katikati ya mji, zilimaliza mwaka 2019 bila mtembea kwa miguu hata mmoja kuuawa na gari.

Miti inayofukuza watu

Kuhusu uendelevu nitasema kwa ufupi, kwa sababu sehemu kubwa imeshasemwa. Safari fupi, kuta zinazoshirikiwa, bomba linalohudumia kaya 80: hivyo vinaokoa nishati na maji zaidi ya mapambo ya kijani juu ya jengo lililo kilomita 40 kutoka kazini.

Ila upo mtego mmoja wa kweli. Kati ya mwaka 2003 na 2005, Seoul ilibomoa barabara ya juu na kuufufua mto Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa kwa zege, karibu kilomita sita. Joto la eneo lilipungua, ndege na samaki wakarudi, na bei ya ardhi pembeni yake ikapanda. New York ilifungua sehemu ya kwanza ya bustani ya High Line mwaka 2009 juu ya reli ya zamani, na mitaa ya jirani ikabadilika wapangaji. Mti unapopandwa, mwenye nyumba anaongeza kodi. Nimewahi kusikia watu wakipinga bustani kwenye mtaa wao, na ukiwasikiliza vizuri hawachukii miti. Wanajua kivuli hicho hakitakuwa chao.

Kinachosaidia ni mpangilio wa hatua. Usalama wa makazi uje kwanza: hati, mikataba ya kodi inayolindwa, ardhi ya amana, nyumba za umma. Bustani na kituo cha reli vije baadaye, au angalau kwa wakati ule ule. Na thamani inayopanda kwa sababu ya kazi ya umma irudi kwa umma. Colombia iliweka hilo kwenye sheria namba 388 ya mwaka 1997, inayoruhusu mji kuchukua sehemu ya ongezeko la bei ya ardhi linalotokana na maamuzi yake yenyewe. Hong Kong imefika huko kwa njia ya shirika la reli, linalopewa haki ya kujenga juu ya stesheni na kutumia mapato hayo kugharimia njia.

Nani yuko kwenye kikao

Mikutano ya kushirikisha wananchi ni haki, na Porto Alegre, Brazil, ilionyesha tangu mwaka 1989 kwamba watu wa kawaida wanaweza kukaa na kugawa bajeti ya mji wao. Lakini mkutano wa kupinga au kukubali jengo jipya una kasoro ya maumbile. Anayeishi pale tayari amealikwa. Anayefanya kazi usiku hawezi kuja. Na familia ambayo ingehamia kwenye jengo hilo haijulikani bado ni ipi, kwa hiyo haina kiti. Mara nyingi waliopo wanapiga kura dhidi ya wasiokuwepo, na kumbukumbu zinaandikwa kwamba jamii imekataa. Naamini maswali makubwa, ya nyumba ngapi na za nani, yaamuliwe kwa mji mzima, na mtaa uachiwe kuamua yale unayoyajua kuliko wote: mlango utazame wapi, maji ya mvua yapite wapi, watoto wacheze wapi.

Mwaka 2003, huko Iquique, kaskazini mwa Chile, kulikuwa na familia karibu 100 zilizokuwa zimejenga vibanda kwenye nusu hekta katikati ya mji, mahali paitwapo Quinta Monroy, kwa takribani miaka 30. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa familia, ikitakiwa kulipia ardhi, miundombinu na nyumba. Ardhi ile ilikuwa ghali mara tatu ya ile ambayo miradi ya aina hiyo ingeweza kununua. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuwahamishia jangwani nje ya mji, wapate nyumba kamili. Timu ya msanifu Alejandro Aravena ilikaa na familia hizo, na uamuzi ukawa kubaki. Fedha ilinunua ardhi kwanza, na kilichosalia kilitosha kujenga nusu ya nyumba: jiko, bafu, ngazi, kuta za kutenganisha na jirani, paa, mabomba, zile sehemu ambazo familia isingeweza kuzijenga vizuri peke yake. Kati ya nyumba na nyumba iliachwa nafasi tupu yenye upana wa chumba. Asubuhi watu walikwenda kazini na watoto shuleni kwa njia zile zile walizozizoea. Jioni, kadiri pesa ilivyopatikana, walipigilia mbao, wakapanga matofali, wakaweka dirisha, kila familia kwa mtindo wake, mpaka zile nafasi tupu zikajaa.